Kioo Kando ya Koti la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza na mimi nimepewa mashine! Mvua ziendelee na shughuli zao, nianze na mashine. Dokta, mkuu wetu wa maabara, ameniita asubuhi akaniambia, "Kuanzia leo hii ni yako," akaondoka zake. Miaka miwili nimeosha chupa za wenzangu na kubandika lebo za wenzangu, leo nina changu. Ni mota ndogo tu inayoteremsha kipande cha kioo ndani ya dawa na kukipandisha taratibu mno, ukikitazama utadhani kimesimama. Nimekitazama saa nzima na sikuchoka.

Mama, najua daftari hili utalisoma hata nikilifungia kabatini, kwa hiyo shikamoo, na ngoja nikueleze. Tunachukua dawa ya majimaji yenye silika, ambayo ndiyo asili ya kioo chochote, tunaichanganya na spiriti, maji kidogo na matone ya asidi. Ukikoroga, chembechembe zinaanza kushikana mikono. Mwanzoni ni majimaji, ambayo wataalamu wanayaita sol, ukiacha inakuwa jeli, ikikauka inakuwa kioo chembamba kuliko utando wa maziwa, chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana inaitwa sol-jeli. Wenzangu wa chumba cha pili wanaipaka kwenye madirisha ili maji ya mvua yateleze. Mimi naitia rangi. Rangi inanaswa humo ndani, haitoki hata uoshe, lakini hewa inapita kwenye vitundu na kuigusa. Kukiwa salama, kipande ni cha manjano. Ikipita amonia kinageuka kijani, na ikizidi, buluu.

Kwa nini amonia unajua mwenyewe. Kiwanda cha barafu kinagandisha maji kwa gesi hiyo, na kila asubuhi Baba anaingia peke yake chumba cha mitambo, anazunguka mabomba yote akinusa, kisha anaandika "salama" kwenye daftari la zamu. Hapo ndipo wenzake wanaingia. Kule hakuna anayemwita kwa jina lake, wanamwita Pua. Siku bomba likipasuka akiwa ameinama kunusa, sisi hatuna baba. Nataka kioo kimtangulie.

Nimemwambia leo mezani. Amecheka mpaka akapaliwa. "Pua yangu ina miaka ishirini na saba kazini na haijawahi kuomba likizo," amesema. "Hivyo vioo vyako vya urembo kavitundike saluni."

Haya, tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Vimepasuka vyote.

Jumatano, 5 Machi

Vimepasuka tena. Dokta amevitazama, akasema neno lake moja: "Rudia." Akiwa hayupo tunamwita Dokta Rudia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua kosa langu! Kwa kuogopa unyevu wa mvua, nilikuwa naviingiza kwenye joto mara tu vikitoka kwenye dawa. Vikikaushwa mbiombio vinajivuta na kupasuka. Leo nimeviweka ndani ya boksi, nikafunika kwa foili niliyoitoboa kwa sindano, nikaviacha vikauke kwa raha zao tangu asubuhi mpaka jioni. Kumi na viwili, havina hata ufa mmoja, manjano kama kiini cha yai. Nimevitundika kwenye kabati la vioo na nimewaita watu wa chumba cha pili waje kuona. Wamekuja wanne. Mmoja alikuja kuazima mkasi, lakini na yeye nimemhesabu.

Dokta ametoa sharti. Vikae kabatini mpaka mwisho wa mwezi bila kugeuka rangi ovyo. "Kipimo kinachopiga kelele za bure ni kibaya kuliko kukosa kipimo," amesema. "Watu watakizoea, na siku ya siku hawatageuza shingo." Kwa Dokta hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua kabati asubuhi nikajisikia niko nyumbani kabisa, raha tupu, sijui kwa nini. Halafu nikaona. Vyote kumi na viwili ni buluu!

Buluu ya nini, jamani? Chupa yetu ya amonia imefungwa chumba kingine na ufunguo anao Dokta. Mpaka saa sita vilikuwa vimerudi kijani, jioni manjano, vimetulia kama watoto waliovunja kikombe.

"Rudia," amesema Dokta.

Jumanne, 11 Machi

Manjano.

Jumatano, 12 Machi

Manjano. Mvua kutwa nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Manjano. Baba ana macho mekundu wiki hii, anasema ni mafua ya mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Buluu tena. Yaani vipya kabisa, asidi nyingine, maji mengine, na bado buluu. Mvua zimenyesha tangu Jumamosi, kwa hiyo nimeishtaki mvua. Dokta akauliza mbona Jumatano ilinyesha vilevile na vikabaki manjano. Nimelia chooni, kidogo tu, dakika mbili.

Mama Vioo, anayetusafishia maabara, amenikuta nanawa uso. Huyu mama tumempa jina hilo kwa sababu dirisha akilimaliza, ndege wanaligonga. "Usilie, mwanangu," amesema. "Mimi nakusaidia kwa uwezo wangu. Hujaona kabati lako linavyong'aa?" Nimemshukuru na sikumsikiliza. Kumbe ningemsikiliza!

(Hilo la mwisho nimeliongeza tarehe 24. Soma mbele utaelewa.)

Alhamisi, 20 Machi

Manjano. Nyumbani Mama anagombana na koti la kazi la Baba. Limekuwa kali siku hizi, amelifua mara mbili wiki hii, na kwa mvua hizi halikauki.

Jumatatu, 24 Machi

Mwandiko nisamehewe, naandika mbiombio.

Leo niliamua nikamshike mchawi wa Jumatatu mwenyewe. Nimefika kabla ya watu wote. Nikasikia maabara inalia kwiii, kwiii. Nikachungulia mlangoni. Mama Vioo alikuwa amefungua milango ya kabati langu, anapuliza dawa ya vioo na kupangusa kwa ndani, anaimba kwa sauti ya chini. Na vipande vyangu, mbele ya macho yangu, kimoja baada ya kingine, kijani, kijani, buluu!

Nikapiga yowe. Mama Vioo akadondosha chupa.

"Nimeharibu nini?" akauliza. "Mwanangu, nimeharibu nini?"

Niliiokota chupa nikasoma kibandiko. Amonia. Kila Jumatatu alfajiri anapangusa, anafunga kabati, hewa inabaki humo humo, mimi nakuja kufungua na kulia chooni. Vioo havikuwa na kasoro hata siku moja! Vilikuwa vinafanya kazi, vinaniambia ukweli, na mimi navitukana.

Nilimkumbatia, nikamzungusha, ndoo ikapinduka. Yeye alikuwa anadhani anafukuzwa kazi. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji, halafu akaniuliza jambo ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani.

"Lakini harufu yote hii, kweli hukuisikia?"

Niliisikia. Kila Jumatatu niliisikia, ndiyo maana nilijisikia niko nyumbani. Kwa watu wengine hiyo ni amonia. Kwetu hiyo ni harufu ya Baba akirudi kazini. Nimelala kwenye koti lake tangu sijaota meno, nitaishangaa vipi?

Dokta amesikiliza habari yote mpaka mwisho. Sikuamini masikio yangu, hakusema rudia. Amesema, "Endelea."

Endelea!

Jumatano, 26 Machi

Nimepewa ruhusa ya kuja na kipande kimoja nyumbani. Nimekitundika sebuleni kwenye msumari wa kalenda, karibu na msumari wa koti la Baba, ili Mama akione. Manjano. Mama amekigusa kwa ncha ya kidole, akasema kinafaa kuwa kifungo cha gauni. Yeye ni fundi cherehani, kila kitu kwake ni kifungo au kitambaa.

Baba karudi, kalowa, kaitikia shikamoo zetu, kakitania kioo changu, kisha kalitundika koti. Tulipokuwa tunakula Mama akanyoosha kijiko ukutani. "Tazameni!" Kijani. Tukaacha kula. Baada ya muda, buluu. Tulipiga makofi sote watatu, na aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Baba. "Haya, kimenitambua!" akasema. "Kimenusa bosi wake."

Nimefurahi mpaka wakati wa kuosha vyombo. Nikiwa na sahani mkononi furaha ikanishuka miguuni. Ile haikuwa buluu ya kawaida. Ni ile ya mwisho kwenye kadi ya Dokta ya kulinganisha rangi, ile tunayoipata maabara kwa kiasi cha gesi kinachochoma macho. Koti haliwezi kubeba kiasi hicho kwa kupita tu karibu na mabomba. Mwenye koti amesimama ndani ya gesi, na si kwa dakika moja. Na wiki hizi ndipo koti limekuwa kali, na ndipo macho yamekuwa mekundu.

Sasa Pua anawezaje kusimama humo asiseme kitu?

Alhamisi, 27 Machi

Mama Vioo amenipa dawa yake kidogo kwenye kichupa. Baba aliporudi nikamngoja amalize chai. Mama alikuwa kwa mteja, anampima gauni.

"Baba, nusa hii uniambie ni nini."

Alikishika kichupa kama mtaalamu, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Sabuni," akasema. "Ya maua maua hivi."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Macho yake yaliijua, pua yake haikujua.

"Baba."

Akafumbua macho, akaniona nilivyomtazama, akaelewa. Alikiziba kichupa, akakiweka mezani taratibu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nikashukuru kuna kelele.

"Tangu mvua za mwaka jana," akasema. "Nilidhani mafua. Mafua yakaisha, harufu hazikurudi."

"Na kila asubuhi?"

"Kila asubuhi nazunguka, nainama, navuta pumzi, naandika salama. Watu ishirini wanaingia kwa neno langu, na wakisikia ukali wanasema Pua ameshapita." Akajipangusa uso. "Ningesema nini? Mtu anaitwa Pua. Toa pua, kinabaki nini?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Niliogopa. Ninaandika wazi: niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamwambia koti lake lina maana gani, nikamwambia kuna mahali pale panavuja, na kila siku panavuja zaidi. Akasikiliza kama Dokta, bila kunikatiza.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Kesho twende wote. Nitundike vioo."

Amempigia Meneja simu, akamwambia binti yake wa maabara ana majaribio. Meneja amekubali. Nami Baba amenitaka niape kwamba Mama hatajua. Nimeapa. Daftari hili kesho nalibeba kwenye mkoba.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi nafungua daftari nilitie mkobani, nakuta maandishi ya kalamu ya risasi chini ya maneno ya jana, mwandiko wa Mama:

*Marahaba. Kwamba hanusi nilijua, mchuzi umeungua mbele yake akiwa anasoma gazeti. Nilidhani kazini amewaambia. Leo usimwache aingie peke yake.*

Kiapo changu kimedumu usiku mmoja.

Alfajiri nilipitia maabara, Dokta akanipa vioo na barakoa mbili za gesi. Mlangoni mwa chumba cha mitambo Baba aliigeuzageuza yake. "Pua havai barakoa," akasema. Nikamwambia Mama anajua kila kitu. Akaivaa bila neno la pili.

Chumba kile kina kelele ya kukutikisa meno. Nilitundika vipande kumi na viwili, kimoja kila penye kiungo cha bomba au vali. Baba akanifuata nyuma akizunguka kama kawaida yake, anainama, ananyanyuka. Alipomaliza akalifuata daftari la zamu na mkono wake ukaandika wenyewe: salama. Nadhani hata hakujua ameandika.

Niligeuka kuvitazama. Manjano, manjano, manjano. Cha tano manjano. Cha sita kijani kwa mbali. Cha saba, nyuma ya kompresa inayosukuma gesi, kwenye vali kubwa, kilikuwa kijani, nikapepesa macho, kikawa buluu!

"Baba! Cha saba!"

Akaja mbio. Akaona. Na unajua alifanya nini? Alishusha barakoa, akainama kwenye ile vali ili anuse. Miaka ishirini na saba ya mazoea. Nilimrukia nikamkamata koti kwa nyuma, nikamvuta kwa nguvu zangu zote mpaka tukaangukiana ukutani. Mimi, kumkamata baba yangu! Aliutazama mkono wangu, akakitazama kioo. Kisha akapandisha barakoa, akaenda moja kwa moja kwenye kitufe chekundu, akakipiga kwa kiganja.

Kompresa ikakohoa, ikanyamaza. Sijawahi kusikia ukimya mtamu namna ile.

Kabla ya kutoka alilirudia daftari la zamu, akachukua kalamu, akalikata lile neno kwa mstari mmoja.

Gesi ilipoondolewa mafundi wakaifungua vali. Ndani mpira wa kuzibia ulikuwa umeliwa, umebaki uzi. Kati ya bolti nne, mbili zilikuwa zimeoza chini ya rangi. Fundi mmoja aliitikisa ya tatu kwa kidole nayo ikatoka. Akaishika kiganjani, akatuonyesha sote. Baba alisimama pale pale kila asubuhi, ameweka uso wake pale.

Meneja akafika, shati nje. "Nani aliisikia harufu?"

"Nani mwingine?" wakaitika kwa pamoja. "Pua!" Mmoja alishaanza kumpigapiga Baba mgongoni. Na ningependa kuandika kwamba nilikuwa tayari kusema kweli, lakini sikuwa tayari. Nilikuwa tayari kunyamaza. Ningempa sifa zote akalala nazo.

"Si mimi," akasema Baba. "Ni binti yangu na vioo vyake. Mimi sinusi kitu tangu mvua za mwaka jana. Salama nilizowaandikia zilikuwa za kubahatisha. Nisameheni."

Yule wa mgongoni akauondoa mkono.

Meneja alimtazama sana. "Nenda nyumbani, mzee," akasema. "Nitakuita."

Tumerudi kwa miguu, mvua ikitunyeshea, mwavuli tumeusahau. Karibu na nyumbani Baba akasema, "Umenikamata koti."

"Nisamehe, Baba."

"Ungechelewa ndipo ningekuchapa." Akacheka, nami nikacheka huku nalia, na kwa mvua ile hakuna aliyejua kipi ni kipi.

Jumatatu, 31 Machi

Baba yuko nyumbani. Ametengeneza bawaba zote, zikiwemo nzima. Mama anauliza kiwanda kinampokea lini.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo amepaka mafuta cherehani ya Mama bila kuulizwa. Gauni la mteja lina doa. Hawasemeshani.

Jumapili, 6 Aprili

Hajala vizuri siku tatu. Anakaa sebuleni anakitazama kioo changu ukutani. Manjano tu. Nimejiuliza kama nimemwokoa au nimemvunja. Mama amesoma sentensi hiyo juu ya bega langu nikiwa naiandika, akanipiga kofi la kisogoni. "Yuko hai, andika hivyo."

Yuko hai.

Jumatatu, 7 Aprili

Meneja kapiga simu! Mama kaweka sauti kubwa, tumesikiliza sote, vichwa vimegusana.

"Mzee, nimekukasirikia siku kumi," akasema. "Sasa nimemaliza. Hawa vijana wangu vioo watavitazama wiki moja, halafu watachoka, watavipita kama kalenda. Mimi nataka mtu anayejua kwamba bila hivyo vioo amekufa. Namjua mmoja tu. Utavisoma asubuhi na jioni, umevaa barakoa, na fundi mwingine anatia sahihi pamoja na wewe. Na umwambie binti nataka sitini, chumba chote, kabla mvua hazijakatika."

Baba aliitikia "ndiyo" mara nne, moja ingetosha.

Nilikimbia mpaka maabara. "Dokta, wanataka sitini!"

"Rudia," akasema, na kwa mara ya kwanza nimeyaona meno yake.

Jumanne, 8 Aprili hadi Jumatatu, 14 Aprili

Dawa, kioo, foili, sindano. Mama Vioo anatoboa foili, ana mkono mwepesi kuliko mimi, na dawa yake ameihamishia ghorofa ya chini. Sitini na vitatu, pamoja na vile vya mwanzo! Vitatu ni vya akiba. Baba ameanza kazi tangu Jumatano na vile kumi na viwili, vingine anapokea kila jioni na kuvitundika kesho yake. Anavifunga kwa kitambaa cha Mama kama mayai.

Jumatano, 16 Aprili

Leo jua limetoka mchana kutwa, la kwanza tangu mwezi wa tatu.

Baba amerudi anatamba. Kiwandani wamembadilisha jina, sasa ni Macho, na kuna fundi amekosea akamwita Pua akatozwa soda. Vali mpya, mpira mpya, vioo sitini ukutani, vyote manjano asubuhi na jioni. Amelitundika koti kwenye msumari wake, kando ya kioo, akakaa. Tumekula tunakitazama. Tumemaliza. Mama ametoa vyombo. Manjano. Saa nzima, manjano.

Mama akasimama, akalichukua koti, akaliweka usoni.

"Halinuki," akasema. Akaligeuza, akanusa kwapani, akanusa kola. "Jamani, halinuki kabisa. Miaka ishirini na saba nimelala na harufu ile." Sauti yake ilikuwa inacheka na kulia, haijaamua. "Nyumba hii sasa itajuaje kwamba umerudi?"

Baba akanyanyuka, akaenda kusimama mbele yake. Mtu mzima yule, aliyeacha kunusa dunia nzima, akainamisha kichwa kama anayepimwa nguo.

"Basi nusa wewe," akasema. "Mimi siwezi. Niambie nikoje."

Mama akaliachia koti. Akamshika mabega, akainama shingoni kwake, akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama Baba alivyokuwa akifanya kwenye mabomba.

"Salama," akasema.